Mama anakunywa mwarobaini juu ya dawa za sukari. Kizunguzungu hiki kinatoka wapi?

#1 Mwana wa Makorora
Wakuu salaam. Naombeni msaada, hasa wale wa afya na wale mliowahi kuishi India.

Mama yangu ana miaka 63, yuko Tanga. Sukari anayo muda mrefu, presha pia. Anameza metformin asubuhi na jioni, kuna kidonge kingine kidogo cheupe cha asubuhi ambacho jina silijui, halafu cha presha. Baada ya Idi jirani yake akamwambia aache kujitesa, achemshe mwarobaini. Sasa kila alfajiri akishaswali anachuma vitawi, anachemsha sufuria mpaka maji yanakolea ukijani, anapiga glasi nzima kabla hajatia kitu tumboni. Chai anakunywa baadaye sana, akishamaliza kufagia uwanja na kumwagilia maua yake.

Kliniki walipompima sukari ilikuwa imeshuka vizuri. Akarudi anacheka, anahubiria mtaa mzima. Lakini mdogo wangu anayekaa naye anasema ikifika saa nne hivi mama analowa jasho, mikono inatetemeka, anaomba akae chini. Juzi alishika ukuta akitoka bafuni. Mwenyewe anasema "dawa inafanya kazi".

Mwarobaini unashusha sukari kweli? Na huko India mti huu ulikotoka wanautumiaje? Maana sisi tunachemsha kwa kukisia tu.

#2 Rafu Mbovu
Nimewahi siti ya mbele. Bi Shangazi yuko wapi? Uzi wake huu.

#3 Bi Shangazi
Nipo, usinichokoze asubuhi yote hii.

Mleta uzi, mwambie mama asiache. Mwili ukiwa na taka za miaka mingi zikaanza kutoka, jasho lazima. Mimi niliutumia nikatapika nyongo siku mbili, baada ya hapo ngozi ikawa laini, majipu yote kwaheri. Hospitali wanatutisha kwa sababu mti hauna risiti.

#4 Mfamasia wa Mtaa
Mleta uzi, kabla hatujafika India, katafute jina la hicho kidonge cheupe. Limeandikwa kwenye kadi ya kliniki au kwenye bahasha ya dawa.

Sababu ya kuuliza: metformin peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Ila kama hicho cha pili ni glibenclamide, hicho kinaikamua kongosho itoe insulini, mtu awe amekula au hajala. Mgonjwa akikimeza alfajiri, akanywa kitu kingine kinachosaidia kushusha, akachelewa kula mpaka saa nne, kinachofuata ndicho ulichokiandika: jasho, kutetemeka, kizunguzungu. Mzee anaweza kupoteza fahamu.

Kwa leo: apimwe kidoleni saa ileile anapojisikia vibaya, si kesho yake. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, asubiri robo saa, apimwe tena, kisha ale chakula. Asiache vidonge vya hospitali kwa uamuzi wake. Na huo mwarobaini ausimamishe mpaka aonane na daktari.

#5 Bi Shangazi
Mfamasia umefika? Nilijua. Mwenye duka hawezi kumsifu mwenye shamba.

#6 Pune ya Zamani
Nimesoma Pune, Maharashtra, kwa hiyo hapo India nitapajibu kwa nilichokiona.

Kule wanauita nim, na upo kila kona. Lakini mama mwenye nyumba wangu sikuwahi kumwona anachemsha sufuria. Mwaka mpya wao, Gudi Padwa, unaoangukia Machi au Aprili, wanakula majani machanga machache yaliyopondwa na sukari guru, asubuhi hiyo, basi. Kitawi wanakifunga kwenye ile fimbo yenye kitambaa wanayoisimamisha dirishani. Ukienda kusini, Karnataka na Andhra, sikukuu hiyo wanaiita Ugadi. Wao hutumia maua ya mwarobaini, wanayachanganya na ukwaju, embe bichi, sukari guru, chumvi na pilipili. Unalambishwa kidogo kwenye kiganja.

Wazee vijijini wanapigia mswaki kijiti chake, wanatafuna ncha mpaka inakuwa brashi. Mtoto akipata tetekuwanga, wanatandika majani kitandani, wananing'iniza mlangoni, na akianza kupona anaogeshwa maji yake. Hapo kuna imani ndani yake. Kaskazini ugonjwa huo wanaunasibisha na mungu wao wa kike Sitala, na kusini na Mariamman.

Kwa hiyo nilichokiona mimi ni nje ya mwili sana, ndani kidogo sana, tena kwa msimu.

#7 Nahodha Mstaafu
Pune ya Zamani hapo umesema Pune, hujasema India. Nchi ile kubwa. Nilikuwa na meli zilizokuwa zinatia nanga Kolkata, na Wabengali wanakula majani machanga yaliyokaangwa na bilinganya, mwanzo wa chakula, na wali. Wanaita nim begun. Msimu wa majani machanga unakutana nayo mara kwa mara. Chungu! Lakini wanakula huku wanapiga soga.

#8 Pune ya Zamani
Nahodha ni kweli, hiyo ipo. Ila pima mwenyewe: kiganja cha majani yaliyokaangwa, yamegawiwa watu watano pamoja na wali, na glasi ya kitu kilichochemka mpaka kikawa cheusi kwenye tumbo tupu. Hivyo ni vitu viwili.

#9 Mkamba wa Kitui
Hamjambo ndugu. Mimi naanza nyuma ya nyote: mna hakika ni mwarobaini?

Huku kwetu kuna miti mitatu watu wanaichanganya. Kuna mwarobaini wenyewe. Kuna mukau, huu wetu wa mbao, hauna shida, mchwa wanauogopa. Halafu kuna ule wa maua ya zambarau unaopandwa kwa uzuri kwenye maboma na mashule, Melia azedarach, ambao India wanauita bakain. Huo matunda yake ni sumu, yameua nguruwe na yamelaza watoto. Watu wengi huku wanauita mwarobaini vilevile, na wanachemsha.

Namna ya kujua: chukua jani zima, si kijani kimoja. La mwarobaini lina uti mmoja katikati, vijani vimejipanga kushoto na kulia, kila kimoja kimepinda kama mundu, kingo zina meno, na kwenye kikonyo upande mmoja wa kijani ni mpana kuliko wa pili. La yule mwingine uti unagawanyika tena, una matawi ndani ya jani. Mwarobaini unatoa maua meupe madogo, na tunda limerefuka kidogo. Yule mwingine tunda ni la mviringo, linabaki limening'inia njano hata majani yakidondoka.

#10 Rafu Mbovu
Watu walikuwa wanakunywa mti wa kivuli cha shule? Mungu anatupenda.

#11 Nesi wa Zamu
Mimi naona mnaikimbilia sukari tu. Someni #1 tena: "alishika ukuta akitoka bafuni". Maji ya moto, kusimama ghafla, dawa ya presha asubuhi. Hiyo inaweza kuwa presha inayoshuka akisimama. Apimwe amelala, kisha asimame, apimwe tena. Zikitofautiana sana jibu mnalo, na mwarobaini hauhusiki, au unahusika kidogo tu.

Cha pili: amekuwa kwenye metformin muda mrefu. Metformin ya miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12. Anaweza kuwa na ganzi miguuni, uchovu, damu ndogo. Hilo nalo linaleta kizunguzungu na hakuna anayelipima.

#12 Mfamasia wa Mtaa
Nesi nakubali kuhusu presha na B12. Ila jasho na kutetemeka saa ileile kila siku kabla ya kula? B12 haina saa.

#13 Nesi wa Zamu
Saa ileile ni kwa maneno ya mdogo wake. Watu wakishaanza kutazama saa nne, wataona saa nne.

#14 Mwana wa Makorora
Asanteni sana. Nimepiga simu. Kidonge cheupe ni glibenclamide, Mfamasia umegonga. Cha presha ni amlodipine. Mti uko kwa jirani, nyuma ya msikiti, nimemwambia mdogo wangu apige picha jani zima kama alivyosema Mkamba. Mashine ya kupimia ipo ila vijiti viliisha, anakwenda kununua.

Mama amekataa kusimamisha. Kasema, "Hao wa kwenye simu wamenizaa?"

#15 Rafu Mbovu
Mama apewe maua yake.

#16 Tabibu Mchanga
Naongeza kwenye swali la kwanza la mleta uzi, maana limerukwa. Ndiyo, majani yanashusha sukari, kwa panya wa maabara limeonekana mara nyingi. Kwa binadamu ushahidi ni mdogo. Kuna kazi iliyofanyika Hyderabad, ikachapishwa 2020: wagonjwa wa sukari waliokuwa tayari kwenye metformin walipewa vidonge vya kamulio la majani na vitawi, miligramu 125 mpaka 500 mara mbili kwa siku, wengine wakapewa vidonge vitupu. Sukari ya baada ya kula ilishuka zaidi kwa waliopewa mwarobaini.

Sasa angalia tofauti. Wale walijua miligramu, na walikuwa wanapimwa. Sufuria ya mama ina miligramu ngapi? Jani la msimu wa mvua na la kiangazi si sawa, mchemsho wa dakika tano na wa nusu saa si sawa. Na kwenye kadi ya kliniki hakuna aliyeandika kwamba anakunywa. Daktari akiona sukari imeshuka anadhani ni vidonge vyake.

#17 Bi Shangazi
Kwa hiyo umekiri unashusha. Tumemaliza.

#18 Tabibu Mchanga
Bi Shangazi, hicho ndicho kinachonitia hofu. Ungekuwa haufanyi kitu ningelala.

#19 Mwana wa Kigoma
Mimi naomba niwe mbishi. Malaria sijawahi kumeza kidonge, nikihisi homa nakunywa mwarobaini siku tatu, naamka. Baba yangu hivyo, babu hivyo. Mnatuambia nini?

#20 Tabibu Mchanga
Ulipima mara ngapi ukaona vijidudu? Homa nyingi si malaria, zinaondoka zenyewe ndani ya siku tatu, ukinywa mwarobaini au ukinywa uji. Kwenye mirija ya maabara kamulio la majani linaviua vijidudu vya malaria, na kuna kemikali yake moja, gedunin, iliyochunguzwa sana. Kutoka mrijani mpaka kwenye damu ya mtu ndipo ilipokwama. Pima kwa kipimo cha haraka, ukiwa nayo meza dawa ya mseto umalize dozi. Usijaribie kwa mtoto wala mjamzito.

#21 Mwana wa Kigoma
Uji haujawahi kunitoa jasho lile.

#22 Nahodha Mstaafu
Kwa mbu wenyewe ndiyo mti. Wataalamu wa malaria wa India waliwahi kujaribu mafuta ya mwarobaini asilimia 2 ndani ya mafuta ya nazi, wakajipaka, mbu wakakaa mbali usiku. Sisi melini tulichoma majani makavu. Moshi ulitutoa machozi sisi kabla ya mbu.

#23 Dada wa Maskati
Salaam. Nimeona mafuta yametajwa nikashtuka. Wifi yangu huku amenunua chupa ya mafuta ya mwarobaini dukani, ya India, imeandikwa safi asilimia mia. Anataka kumpa mtoto wa miezi minane kijiko kwa ajili ya mafua na tumbo. Bibi yake alikuwa akifanya hivyo. Ni sawa?

#24 Mfamasia wa Mtaa
DADA ZUIA. Asimpe hata tone la kumeza.

Hilo si la kubishania kama sukari ya mama. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika kuhusu watoto wachanga wa familia zenye asili ya India waliopewa mafuta hayohayo kwa mafua na matatizo madogo. Ndani ya saa chache wakaanza kutapika, kusinzia, kupumua haraka, degedege. Ini likaathirika, damu ikawa na tindikali. Wapo waliokufa. Mafuta yanatoka kwenye kokwa la mbegu, na humo ndimo vitu vikali vya mti huu vilikojazana. Jani na mafuta ni ndugu wa baba mmoja ila tabia mbalimbali.

Kama amekwishampa: hospitali sasa hivi na chupa yenyewe mkononi. Asimtapishe.

#25 Dada wa Maskati
Hajampa. Nimempigia amekasirika kidogo lakini chupa ameiweka juu kabatini. Ahsante sana.

#26 Mama Pacha
Na wajawazito? Mimi kliniki nilikatazwa bila kuelezwa sababu.

#27 Nesi wa Zamu
Sababu ni hii: India kwenyewe wameyachunguza mafuta ya mwarobaini kama kinga ya mimba, ya kuweka ukeni, kwa sababu yanaua mbegu za kiume. Kwa wanyama wa maabara yameharibu mimba changa. Kwa hiyo mjamzito, anayetafuta mimba, na anayenyonyesha wakae mbali na kumeza chochote cha mti huu. Kuogea majani kwa upele ni habari nyingine.

#28 Rafu Mbovu
Hapo kwenye mbegu za kiume rudia taratibu, kuna wazee humu wanakunywa kwa ajili ya nguvu.

#29 Mzee wa Ngamiani
Wewe kijana nidhamu.

#30 Bwana Shamba
Mmezungumzia kunywa tu wakati kazi ya uhakika ya mti huu iko shambani. Saga kokwa za mbegu kavu, gramu 50 kwa lita moja ya maji, funga kwenye kitambaa, loweka usiku kucha, kamua, chuja, weka sabuni kidogo ya maji ili ishike majani, nyunyiza jioni jua likiwa limepoa. Ndicho kipimo cha asilimia 5 wanachofundishwa wakulima wa India. Viwavijeshi wadogo wanaacha kula, wanashindwa kujivua gamba. Wakishakuwa wakubwa umechelewa.

Mjerumani Schmutterer mwaka 1959 akiwa Sudani aliona nzige wamefyeka kila kitu wakaiacha miarobaini imesimama na majani yake. Kutoka hapo wataalamu wakaanza kuuchimba. Kemikali kubwa inaitwa azadirakitini. Kuitengeneza maabara kuanzia mwanzo kuliwachukua watu wa Cambridge miaka 22, wakafanikiwa 2007. Mti unaitoa bure.

#31 Mwana wa Kigoma
Halafu Wamarekani wakaumiliki mti wenyewe, Wahindi wakawa wanalipa.

#32 Bwana Shamba
Hapana, hiyo inasimuliwa vibaya. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace pamoja na wizara ya kilimo ya Marekani hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu, ya njia ya kuua ukungu wa mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Ya njia, si ya mti. Mwanaharakati wa India Vandana Shiva na wenzake wakaipinga, wakasema wakulima wa India wanalijua hilo siku nyingi. Mwaka 2000 ikafutwa, rufaa ikagonga mwamba 2005.

#33 Bi Shangazi
Mti wa bure, kampuni inaukimbilia mpaka mahakamani, na humu mnaniambia haufai.

#34 Mfamasia wa Mtaa
Shangazi, waliukimbilia kwa ukungu wa mimea. Mama wa mleta uzi hana ukungu.

#35 Alhaj wa Vuga
Mniwie radhi nitoke nje kidogo. Waliokwenda Hijja watakumbuka kile kivuli cha uwanja wa Arafa. Ni miarobaini ile, ilipandwa zaidi ya 50,000. Nilikaa chini yake na Wahindi, mmoja akachuma kijani akatafuna, akanipa na mimi. Nikatema.

#36 Nahodha Mstaafu
Waindonesia wanaiita miti ya Sukarno, wanadai rais wao ndiye aliyetoa wazo.

#37 Alhaj wa Vuga
Kila taifa pale lilidai ni lake. Jua lile ungedai hata wewe.

#38 Mama Pacha
Turudi kwenye upele, Nesi kautaja #27. Watoto wangu waliuleta kutoka bweni, hatulali. Unafanya kazi?

#39 Pune ya Zamani
Kule wanasaga majani mabichi na manjano, wanapaka mwili mzima. Mwaka 1992 kulichapishwa kazi ya India iliyofanyika hivyo kwa watu 814 wenye upele, na asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 mpaka 15.

#40 Tabibu Mchanga
Naijua hiyo. Tatizo lake hawakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo hujui wangapi wangepona kwa kuoga, kufua na kuanika mashuka peke yake. Lakini kwa kupaka madhara ni madogo, baadhi ya watu huwashwa. Jaribu kwanza mahali padogo kwenye mkono. Na mtibu kila mtu ndani ya nyumba siku moja, la sivyo mtazungushiana. Zisipopungua, duka la dawa lina losheni ya benzyl benzoate.

#41 Binti wa Chake
Kuna jambo hamjaligusa. Kaka yangu alikunywa mwarobaini akawa njano macho, mkojo mweusi, akaongezewa damu. Walipompima wakasema ana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu, amezaliwa nao. Sasa nyumbani kuna kambi mbili. Baba anasema ni mwarobaini. Daktari mmoja alisema inawezekana, mwingine akauliza alikula nini tena wiki ile, ikabainika alimeza vidonge vya homa alivyopewa na rafiki, haijulikani vipi.

#42 Tabibu Mchanga
Yote mawili yanawezekana. Kuna tukio la namna hiyo la chai ya mwarobaini lililoandikwa kwenye jarida la madaktari Uingereza 2013, seli nyekundu zilipasuka. Na kuna dawa za kawaida zinazofanya hivyohivyo kwa mwenye G6PD pungufu. Pwani na visiwani hali hii si ngeni, ni sehemu za malaria. Mama wa Makorora naye apimwe wingi wa damu, mradi anakwenda kliniki.

#43 Mkamba wa Kitui
Picha ya jani iko wapi?

#44 Mwana wa Makorora
Nimerudi wakuu, nisameheni kimya.

Picha imepigwa. Uti mmoja, vijani vimepinda, meno yapo. Mkamba, nadhani ni wenyewe. Ila mdogo wangu anasema jirani ana miti miwili nyuma ya ukuta, na mama huwa anatuma mtoto kuchuma. Mti wa pili hauna maua sasa hivi, picha yake ina ukungu.

Vipimo: siku ya kwanza saa nne, jasho linamtoka, sukari ilisoma 3.4. Akapewa maji ya sukari, akatulia. Mfamasia ukashinda. Siku iliyofuata saa nne, kizunguzungu kilekile, anashika meza, sukari ikasoma 6.1. Nesi naye kashinda.

Tumempeleka kliniki. Presha amelala na amesimama zilitofautiana, kwa kiasi gani mdogo wangu hakuandika. Damu iko chini kidogo. B12 pale hawapimi. Daktari kapunguza glibenclamide nusu, kasema amlodipine ahamishie usiku, na mwarobaini aache. Vyote siku moja.

Tangu hapo hajashika ukuta.

#45 Mfamasia wa Mtaa
Alhamdulillah. 3.4 ni 3.4.

#46 Nesi wa Zamu
Na 6.1 ni 6.1. Amlodipine imehamia usiku, kizunguzungu kimeondoka.

#47 Tabibu Mchanga
Vimebadilishwa vitatu kwa mpigo, hamwezi kujua kipi kilikuwa kipi. Kwa mgonjwa daktari kafanya sawa, usalama kwanza. Kwa uzi huu katuachia kesi.

#48 Bi Shangazi
Yule mtoto wa kuchuma ndiye wa kuulizwa. Mti wa pili huo. Mwarobaini halisi haudhuru mtu.

#49 Mkamba wa Kitui
Kwa mara ya kwanza niko upande wa Shangazi, nusu. Pigeni picha nyingine, jani zima, mchana.

#50 Binti wa Chake
Shangazi kaka yangu alikunywa halisi, mti wa uani kwetu, baba ndiye aliyeupanda.

#51 Bi Shangazi
Na vile vidonge vya rafiki yake?

#52 Rafu Mbovu
Mleta uzi, mama mwenyewe anasemaje?

#53 Mwana wa Makorora
Mama anasema dawa ilikuwa imekaribia kumaliza kazi, tumemkatiza. Kakubali kuacha kwa masharti. Leo nimeambiwa jirani kamletea unga wa mlonge, kijiko kimoja kwenye uji asubuhi. Kasema huo si dawa, ni mboga.

#54 Pune ya Zamani
Mlonge nao wa India, kule maganda yake wanapikia sambar, mchuzi wao wa dengu.

#55 Mfamasia wa Mtaa
Nao unatajwa kushusha sukari na presha. Kijiko kipi? Cha chai au cha chakula? Na kliniki ijayo lini?

#56 Mwana wa Makorora
Ngoja nipige simu.